Hatakikomi: Kofi Moja Linaloangusha Jitu la Sumo

Ukishuka Kikopey kula choma, nyama ikiendelea kuiva, cheki mbuzi wanaochungwa kando ya barabara. Mara mabeberu wawili wanarudi nyuma, wanainamisha vichwa, wanachomoka. Sasa mmoja akisonga kando sekunde ya mwisho, mwenzake anagonga hewa tu na magoti yanakula vumbi. Buda, hiyo ndiyo hatakikomi.

Kwenye sumo ya Japani unapoteza ukitoka nje ya duara, ama ukigusa chini na kitu chochote kando na nyayo. Hakuna kugawanywa kwa uzito, so msee wa kilo 100 anaweza pangiwa wa kilo 180. Kusukumana naye ni kujimaliza. Basi unamngoja aje mzima mzima, kichwa mbele, alafu unakwepa na kumshushia kofi begani ama mgongoni. Uzito wake unafanya kazi iliyobaki.

Inakaa rahisi, lakini hapo ndio wengi huchomeka. Ukikwepa mapema, anageuka na wewe. Ukimvuta kama miguu bado imembeba vizuri, umejirudisha nyuma bure, na hilo duara lina upana wa mita 4.55 pekee. Hatua mbili hivi, uko nje. Ngoja hadi kichwa kipite vidole vyake vya miguu. Na chunga mkono usishike zile nywele amefunga juu. Hiyo ni faulo, unapoteza hata kama yeye ndiye amelala chini.

Alafu kuna aibu. Kukwepa pambano likianza tu huitwa henka. Sheria inakubali, mashabiki hawataki kuskia. Machi 2016, Osaka, pambano la mwisho, Hakuho alikutana na Harumafuji. Wote walikuwa yokozuna, cheo cha juu kabisa. Harumafuji akaja mbio, Hakuho akasonga kando, imeisha. Lilikuwa kombe lake la 36, lakini ukumbi ulimzomea, na kwenye mahojiano akalia akiomba msamaha.

Angekuwa kale kamsee kadogo, manze, wangempigia makofi. Yokozuna anatarajiwa apokee kichwa na kifua.

Mimi? Ningelia pia, lakini kombe singerudisha.