Uwezo wa Kujiamulia Hupimwaje?

Mwaka 2008 mahakama ya Los Angeles ilimweka mwanamuziki Britney Spears chini ya usimamizi, na baba yake akapewa mamlaka juu ya fedha na maisha yake. Usimamizi huo ulidumu miaka 13, hadi ulipofutwa tarehe 12 Novemba 2021. Katika miaka hiyo alitoa albamu na kutumbuiza Las Vegas. Taarifa zake za kitabibu hazikuwekwa wazi, ila mashabiki hawakuacha kuuliza: mtu anayemudu jukwaa usiku baada ya usiku, anashindwaje kujiamulia mambo yake?

Kwa madaktari, swali hilo halina ajabu. Uwezo wa akili haupimwi kwa jumla. Hupimwa kwa kila aina ya uamuzi. Mtu aweza kumudu kazi yake na bado akashindwa kung'amua mkataba wa kitapeli. Kinyume chake pia hutokea.

Sheria ya California iliyopitishwa mwaka 1995 inafuata mantiki hiyo. Kila mtu mzima huhesabiwa kuwa ana uwezo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na jina la ugonjwa pekee halitoshi. Lazima ionyeshwe ni kazi gani ya akili iliyopungua, iwe umakini, kumbukumbu, kufikiri au kuhimili hisia, na jinsi upungufu huo unavyomzuia mhusika kuelewa matokeo ya uamuzi unaozungumziwa.

Chukua mfano wa bibi mwenye kisukari ambaye mguu wake umeoza, naye anakataa kukatwa. Daktari hutafuta mambo manne: je, anaelewa alichoambiwa, anatambua kwamba kinamhusu yeye, anaweza kupima faida na hasara, na anaweza kutamka chaguo lake? Akisema, "Mguu wangu ni mzima, mnanisingizia," ilhali vidole vimekuwa vyeusi na vinanuka, hapo pana tatizo la kutambua hali yake. Akisema, "Najua nitakufa, lakini nimeishi vya kutosha, sitaki kisu," huo ni uamuzi wa mtu mwenye uwezo, hata kama wanawe watalia.

Vipimo vya kazi za akili husaidia. Kimojawapo ni MoCA, kilichobuniwa Montreal, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2005. Kina alama 30, na 26 au zaidi huhesabiwa kuwa kawaida. Aliyesoma miaka 12 au pungufu huongezewa alama moja. Mgonjwa huambiwa achore saa ya ukutani inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Mshale mrefu unapaswa kuelekea kwenye 2, lakini baadhi ya wagonjwa huupeleka kwenye 10, kwa kuwa wamesikia neno "kumi" na akili imeshindwa kujinasua kutoka kwenye namba hiyo. Kosa hilo huashiria udhaifu wa kupanga na kujizuia. Hata hivyo, halimwambii jaji kama mgonjwa huyo anaweza kuchagua nani amtunze.

Kabla ya kutoa kauli, mpimaji makini huondoa vikwazo vinavyotibika. Maambukizi ya njia ya mkojo, dawa za usingizi au upungufu wa vitamini B12 huweza kumvuruga mzee hadi aonekane amepoteza akili. Asiyesikia vizuri naye huonekana haelewi, mpaka avalishwe kifaa chake cha kusikia.

Huko California, daktari hushauri tu, na mahakama ndiyo huamua. Mchunguzi wa mahakama humtembelea mhusika na kuzungumza naye, na mhusika ana haki ya wakili, hata ya kusikilizwa na baraza la wazee wa mahakama. Ushahidi lazima uwe wa wazi na wenye kushawishi. Usimamizi ukitolewa, haumnyang'anyi moja kwa moja haki ya kuoa au kuolewa, kuandika wasia au kupiga kura. Na tangu 2023, mahakama hutakiwa kwanza kuangalia njia nyepesi, kama vile kumpa mtu wasaidizi anaowaamini ili aamue mwenyewe.

Kwa hiyo ripoti inayoishia kwenye "hana akili timamu" haina faida kwa jaji. Anachohitaji kusoma ni kwamba mzee huyu hawezi tena kuuza nyumba bila kulaghaiwa, lakini anajua vizuri anataka kuishi na mtoto yupi, na hilo aachiwe.