Dongobesh hadi Dodoma: Kilomita za Angani na Safari Yenyewe

Kwa mkazi wa Dongobesh anayetaka kwenda Dodoma kwa ndege, kiwanja cha jirani chenye ndege za abiria ni cha Ziwa Manyara, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kati ya Mto wa Mbu na Karatu. Kutoka hapo hadi Dodoma ni kilomita 310 hivi. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini akiitegemea peke yake itampoteza.

Kwanza tuone inavyopatikana. Umbali wa angani hupimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, na hapa kazi ni rahisi kwa kuwa viwanja hivi viwili vimetofautiana dakika nne tu za longitudo. Kinachobaki ni latitudo. Manyara iko nyuzi 3 na dakika 23 kusini mwa Ikweta, Dodoma nyuzi 6 na dakika 10. Tofauti ni nyuzi 2 na dakika 47, yaani dakika 167. Dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, mita 1,852, kipimo wanachotumia marubani. Zidisha, utapata kilomita 309.

Muda hautabiriki hivyo. Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja inayobeba watalii wengi wa kaskazini, huenda takriban maili 160 za baharini kwa saa. Hewa ikitulia, itachukua saa moja na dakika tatu. Upepo wa maili 20 kwa saa ukiipiga usoni, muda unafika saa moja na dakika 12. Ukiisukuma kwa nyuma, unashuka hadi dakika 56. Ratiba nayo huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegesha tena, hivyo ongeza dakika kumi hivi za kutembea uwanjani, kupaa na kujipanga kutua.

Sasa mrudishe msafiri wetu kwenye ramani. Kufika kiwanjani atapita Mbulu na Karatu, akielekea kaskazini mashariki umbali wa kilomita 90 kwa mstari ulionyooka, na zaidi kwa barabara. Dodoma iko kusini. Dakika ishirini hivi baada ya kupaa, atakuwa juu ya Babati, mji ambao angeufikia kwa gari kwa kuteremka ukuta wa Bonde la Ufa kupitia Dareda. Kutoka Babati, lami iliyozinduliwa mwaka 2018 hupita Kondoa hadi Dodoma, takriban kilomita 250. Basi likienda mwendo halali wa kilomita 80 kwa saa na kusimama vituoni, ni saa nne hivi.

Kwa hiyo, kwa Dodoma, basi linashinda. Ndege inaanza kulipa kwa safari ndefu, kama ya Dar es Salaam, au kwa mgonjwa mahututi anayeondokea kiwanja kidogo cha Haydom, jirani na hospitali ya Kilutheri. Kabla ya kukata tiketi, jumlisha saa za kutoka mlangoni kwako hadi mlango wa unakokwenda, na uangalie kiwanja kinakupeleka upande gani.