Fahamu: Telomia ni nini, na kwa nini ndefu mno si baraka?

Kila kromosomu ina ncha mbili, na kila ncha ina telomia: kwa binadamu, herufi sita za DNA, TTAGGG, zinazojirudia maelfu ya mara. Ndani ya seli kuna mafundi wanaounga DNA iliyokatika, na kwao ncha hiyo haina tofauti na mkatiko. Mbona hawaiungi?

Swali hilo limemshughulisha Titia de Lange, Mholanzi aliyeanzia kwa tripanosoma, vimelea vya malale vinavyoenezwa na mbung'o. Jeni ambazo vimelea hivyo hutumia kuikwepa kinga ya mgonjwa hukaa jirani na telomia, tena telomia zenye herufi zilezile za kwetu.

Mwaka 1990 alihamia Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Mwaka 1999, akishirikiana na Jack Griffith, alionyesha kuwa ncha hujipinda ikawa kitanzi, mwisho wake ukafichwa ndani. Hulindwa na protini sita, kwa pamoja shelterini. Ondoa moja tu, TRF2, na kromosomu zitagandana ncha kwa ncha.

Wauzaji wa vidonge vya "kurefusha telomia" hawasemi upande wa pili: telomia hufupika seli inapogawanyika, na ufupi huo huizuia seli kuzaana ovyo. Mwaka 2020 kikundi cha de Lange kilieleza familia za Uholanzi zenye hitilafu katika TINF2, jeni ya mojawapo ya protini sita za shelterini. Telomia zao zilikuwa ndefu kupita kawaida, na saratani ziliwaandama.