Mnada wa korosho umehamia mtandaoni. Je, amana zetu zimehama nao?

Jioni moja, baada ya Swala ya Isha, mama mmoja mjane alipiga hodi katika ofisi ya kamati ya msikiti wetu. Mkononi alikuwa na karatasi moja tu: stakabadhi ya kupimia korosho. Kilo zilizoandikwa pale zilikuwa zake. Zilitoka katika mikorosho aliyoiacha marehemu mumewe, na yeye na wanawe ndio waliopalilia, wakaokota na kuanika. Lakini jina lililoandikwa lilikuwa la shemeji yake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na akaunti ya benki. Mnada ulikuwa umekwisha, bei ilikuwa nzuri, na fedha zilikuwa zimeingia katika akaunti ya shemeji.

Ndugu msomaji, kisa hiki ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Msimu ule watu wa Newala na Masasi walizungumza sana juu ya mfumo mpya wa kuuzia korosho. Wachache walizungumza juu ya majina yaliyoingizwa ndani yake.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008. Tangu hapo mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha msingi, zikapimwa, zikasafirishwa hadi ghala kuu, kisha zikauzwa mnadani na chama kikuu: TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi, Nanyumbu na Mtwara. Kwa miaka mingi wanunuzi waliandika bei katika karatasi, wakazitumbukiza katika sanduku, nalo likafunguliwa mbele ya wakulima. Tulilizoea sanduku lile, na tulizoea pia minong'ono iliyolizunguka.

Katika msimu wa 2024/2025 mauzo yakahamishiwa katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, maarufu kama TMX. Mnunuzi sasa hushindana kwa kompyuta, na bei huonekana wazi. Wakulima wangali wanakutana, na neno la kukubali au kukataa bei lingali lao. Katika minada ya mwanzo ya Oktoba 2024 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na furaha ikatanda vijijini. Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuipa mashine sifa yote. Sehemu kubwa ya korosho zetu ghafi huenda India na Vietnam, na mahitaji ya huko hupandisha na kushusha bei. Mfumo unaweza kuionyesha bei kwa uwazi, lakini hauiumbi.

Kuhamisha soko si jambo geni katika dini yetu. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina alikuta masoko yenye wenyewe na desturi zake. Imepokewa kwamba alichagua mahali pengine pa kuwa soko la Waislamu, akaelekeza lisibanwe wala lisitozwe kodi. Mnada nao una asili: katika Hadithi ya Anas (r.a.) iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) aliuza tandiko na bakuli kwa aliyezidisha bei. Alichokikataza ni najash, yaani mtu kupandisha bei bila nia ya kununua, ili kumhadaa mwingine. Basi njia yoyote inayoweka bei hadharani na kupunguza hadaa ina haki ya kukaribishwa.

Lakini Mtume (s.a.w.) hakuishia katika kuchagua kiwanja. Alipita sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo la chakula, akakuta unyevu uliofichwa chini. Hapo ndipo penye somo letu. Kompyuta hupokea kilo zilizosomwa mizanini na jina lililotajwa na mleta mzigo. Haijui kama mizani imechezewa, wala kama gunia limechanganywa korosho mbovu. Haimjui mjane wala yatima, inamjua aliyeandikishwa.

Na yako mashamba mengi ambayo mwenyewe amekwisha kufa, mirathi haijagawanywa, na mikorosho inavunwa kila mwaka kwa jina la kaka, mjomba au mtoto mkubwa. Zamani fedha zilipolipwa taslimu, mjane aliweza walau kukaa karibu na meza ya malipo. Leo ujumbe wa benki huingia katika simu ya mtu mmoja, kimya kimya. Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ameonya katika Suratun-Nisaa kwamba walao mali ya yatima kwa dhulma wanajaza moto matumboni mwao. Onyo hilo halina msamaha kwa anayesema, "Fedha zimekuja kwenye akaunti yangu."

Jambo la pili ni kangomba, ununuzi wa korosho kwa bakuli, nje ya utaratibu, kabla mkulima hajafika sokoni. Mwenye njaa ya mwezi wa nane huuza kwa bei ya kutupa, na siku ya mnada hubaki mtazamaji. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla hayajadhihiri kukomaa, na akakataza kuwalaki wenye bidhaa njiani kabla hawajaijua bei ya soko. Anayenunua kangomba na kusimama safu ya kwanza msikitini ajiulize yuko upande gani wa makatazo hayo. Nasi wenye uwezo tujiulize: jirani yetu alipokosa chakula, tulimkopesha hata debe moja la mahindi?

Kabla ya msimu mwingine, kila familia na ifanye mambo matatu. Kwanza, mirathi igawanywe, na msimamizi athibitishwe na Mahakama ya Mwanzo, ili shamba lisiendelee kuwa la marehemu katika daftari. Pili, kila mwenye korosho, mwanamke kwa mwanamume, aandikishwe katika chama chake kwa jina lake na akaunti yake. Tatu, ikilazimu kupitisha mzigo kwa jina la ndugu, iandikwe na ishuhudiwe kabla gunia halijapanda mizani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul-Baqara, inafundisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Kuandikiana si kumtuhumu ndugu. Ni kumlinda yeye na shetani wake.

Shemeji wa yule mama tulimwita, akaja. Hakukana. Alisema alikuwa amelipa deni lake kwanza, akitaraji kurudisha. Tuliandika, tukashuhudia, naye amerudisha mafungu mawili. Fungu la tatu bado tunalingojea. Mama mwenyewe amekwisha fungua akaunti, na msimu ujao jina litakaloandikwa katika stakabadhi, inshaallah, litakuwa lake.

Wallahu a'lam.