Sokwe wa Gombe Darasani: Je, Ni Halali Kuinasa Sinema ya Televisheni?

Msomaji mpenzi wa Buzebazeba, wajua kwamba ukishuka Kibirizi ukapanda mashua kwenda kaskazini, baada ya saa chache tu waiona milima ya Gombe. Sokwe wa huko ni jirani zetu. Lakini je, wajua kwamba watu wa Marekani waliwatazama sokwe hao katika televisheni miaka karibu thelathini kabla ya sisi wa bara kuwa na televisheni yetu?

Habari yenyewe ndiyo hii. Mwezi wa Julai 1960 Jane Goodall alifika Gombe. Mwaka huo huo alimwona sokwe akichokoa mchwa kichuguuni kwa kijiti. Wataalamu wakashangaa, maana walidhani binadamu peke yake ndiye ajitengenezaye vyombo vya kazi. Mwaka 1962 akaja mpiga picha, Hugo van Lawick, akazipanda genge zile na kamera yake. Kazi hiyo ikazaa sinema iitwayo Miss Goodall and the Wild Chimpanzees, ambayo televisheni ya CBS iliionyesha Marekani tarehe 22 Desemba 1965. Kwetu Tanzania Bara, televisheni ilianza mwaka 1994.

Siku hizi sinema za namna hiyo hufika hata vijijini. Lakini televisheni ni kama upepo wa ziwani, huvuma na kupita. Ukisinzia, au umeme ukikatika, umeikosa. Mwalimu wa chuo kikuu hawezi kufundisha hivyo. Hana budi kuinasa sinema, zamani kwa kanda ya video, sasa kwa kompyuta, ili aweze kuisimamisha, kuirudisha nyuma, na kuwauliza wanafunzi wake: "Mmeona nini?"

Kuuliza ndiko kusoma

Tazama faida yake. Sinema ikisimulia mambo ya mwaka 1960, mwanafunzi mwenye akili atauliza: "Mpiga sinema alifika 1962, basi picha hii ilipigwa lini?" Tena atauliza: "Nani haonekani humu?" Maana mwaka 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa wakawateka vijana wanne wa kigeni waliokuwa wakifanya utafiti Gombe. Baada ya hapo Watanzania ndio walioendelea kuwafuata sokwe siku kwa siku na kuandika waliyoyaona. Je, sinema yawataja? Anayetazama mara moja tu hapati nafasi ya kuuliza hayo. Anayerudia hupata.

Sheria yasemaje?

Huenda baba mmoja akasema: "Sinema ni mali ya aliyeitengeneza. Kuinasa si wizi?" Swali hilo ni la haki. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 yaruhusu kazi ya mtu itumike kwa kufundishia, hata vyuo vikuu, lakini kwa kiasi kinachohitajika kwa somo, kwa njia ya haki, na kwa kutaja jina la mtungaji na mahali kazi ilikotoka.

Nchi nyingine nazo zimeweka mipaka. Uingereza iliwapa walimu ruhusa hiyo kwa sheria ya mwaka 1988. Marekani iliandika mwongozo, ukachapishwa mwaka 1981: mwalimu aweza kukaa na sinema aliyoinasa siku 45, aionyeshe darasani katika siku 10 za kwanza za masomo, kisha muda ukiisha aifute.

Twaweza kulielewa jambo hili kwa mfano wa wavu. Jirani akikuazima wavu wake umfundishe mwanao kuufuma, hakukupa ruhusa ya kwenda nao ziwani usiku ukauze dagaa asubuhi. Vivyo hivyo sinema iliyonaswa kwa ajili ya darasa haifai kuuzwa sokoni, wala kuonyeshwa kibandani kwa kiingilio. Mtu alibeba kamera mlimani kwa jasho lake, naye astahili haki yake.

Basi, ninyi wazazi mlio na mtoto chuoni, mwulizeni kama walimu wake huwaonyesha sinema za nchi yetu. Naye akinasa moja kwa ajili ya masomo, mhimizeni aandike mambo manne: jina la sinema, jina la mtengenezaji, kituo kilichoionyesha, na tarehe. Bila hayo sinema ni kama barua isiyo na jina la mwandishi.

Ufuko huu umewafundisha wageni mambo makubwa. Yafaa watoto wa Buzebazeba na wa Mwamgongo nao wajifunze kutokana nao, wakiwa na macho ya kuuliza na mikono isiyochukua cha mtu.