Viazi vya nazi vya Sikukuu: kwa nini tui hukatika?

Sikukuu ikikaribia, simu nyingi za kipindini huwa ni za mapishi. Mara hii mama mmoja wa upande wa Konde aliuliza jambo lililowahi kunitia aibu mbele ya wakwe: kwa nini viazi vitamu vya nazi hutoka na tui lililokatika, mafuta juu na maji chini? Hewani muda haukutosha, kwa hivyo nimeandika hapa.

Tui ni matone madogo ya mafuta yaliyochanganyika na maji, yakishikwa na protini ya nazi yenyewe. Moto mkali huiharibu protini hiyo, matone yakaungana, mafuta yakaelea. Kosa si la nazi. Ni moto, na kutoka jikoni kwenda kuwavisha watoto nguo mpya.

Kwa sinia ya watu 6 hadi 8, chukua kilo 2 za viazi, nazi 2 zilizokomaa, sukari vijiko 4 vya kulia, iliki punje 8 zilizotwangwa na chumvi kidogo.

Kabla ya yote, kagua viazi. Kilicholiwa na fukusi huwa na matundu na weusi ndani, na huwa kichungu. Uchungu huo ni sumu ambayo kiazi hutengeneza kinaposhambuliwa, na kupika hakuiondoi. Usikate ukaacha kipande "kizuri". Tupa chote, wala usimpe ng'ombe.

Kuna nazi, chuja kasimele kwa maji kidogo ya vuguvugu, uliweke kando. Machicha yatie maji tena upate tui jepesi. Viazi vimenye, vikate unene wa vidole viwili, viweke ndani ya maji visiwe vyeusi. Vipike kwa tui jepesi na chumvi, sufuria wazi, ukikoroga taratibu mpaka lianze kuchemka, kisha punguza moto. Dakika 20 hivi hutosha. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vina maji mengi na hulainika upesi. Ukichanganya, vitie mwisho. Rangi hiyo ndiyo chanzo cha vitamini A, na mafuta ya nazi husaidia mwili kuipokea.

Kama nyumbani kuna mzee mwenye kisukari, mpakulie sasa, kabla ya sukari, na umpakulie kidogo, maana kiazi chenyewe kina utamu wake. Mpe na samaki.

Kisha tia sukari, iliki na kasimele. Sukari ikitangulia hugandia chini na kuungua. Kasimele lisichemke kwa nguvu hata mara moja. Likianza kutoa mapovu madogo pembeni, toa makaa mengi chini, funika, palia makaa machache juu ya mfuniko. Dakika 10 tu, juu panakuwa na ngozi ya rangi ya dhahabu ambayo kwetu watoto huigombania.

Wengi huuliza kama wanaweza kupika usiku wa kuamkia Sikukuu. Bila friji, mimi nasema hapana, kwa joto letu tui huchacha upesi. Usiku menya viazi, viache ndani ya maji. Nazi ikune alfajiri, kabla watu hawajaenda kuswali.