KWA NINI CHUMVI INATIWA KISIMANI?

Ndugu wakimbizi,

Wengi mmeniuliza habari za mafundi wa maji waliofungua pampu na kumwaga chumvi kisimani. Wengine wanasema ni sumu. Siyo sumu. Ni chumvi ya kupikia, na kazi yake ni kuonyesha maji yanaingia kisimani wapi na kwa kasi gani.

Jueni kwamba chini ya ardhi maji hayakai kama ziwa. Kwenye mchanga hupenya polepole kati ya chembe, na mchanga huyachuja. Kwenye mwamba mgumu hupita katika nyufa tu. Ndiyo maana visima viwili vinaweza kuwa jirani, kimoja kina maji na kingine kikavu: kimoja kimekuta ufa, kingine hakikukuta.

Maji yenye chumvi hupitisha umeme zaidi. Basi mafundi huchanganya chumvi kisimani toka juu hadi chini, kisha huteremsha kifaa cha kupimia, mita kwa mita, na kurudia mara nyingi. Chumvi ikipungua taratibu mahali pengi, maji yanapita mchangani. Ikitoweka upesi mahali pamoja, hapo pana ufa.

Yatusaidia nini? Kwanza, tutajua pampu ifungwe kina gani. Pili, na hili ni kubwa, ufa hupitisha maji upesi bila kuyachuja. Uchafu wa choo ukiingia humo, unaweza kufika kisimani. Kanuni ya kawaida ni choo kiwe mbali na kisima angalau mita 30, lakini penye nyufa hata mita 30 zaweza zisitoshe. Wazee wetu wanakumbuka Goma, 1994: mwamba wa volkano ulizuia kuchimba vyoo, watu wakanywa maji machafu, na katika mwezi wa kwanza walikufa karibu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu.

Kwa hiyo tunawaomba:

1. Wakati wa kupima, msichote maji hapo. Hata ndoo moja huharibu kipimo.

2. Baada ya kupima, maji ya chumvi yatavutwa na kumwagwa. Ngojeni tangazo la kamati ya maji ndipo mlete madumu.

3. Usichimbe choo kipya kabla ya kuonyeshwa mahali.

Mwenye shaka aje kisimani aangalie kwa macho yake. Maji ni uhai.